Nondo Hizi, Nondo Hawa

Zulia alikuwa mtunza uwanja wa mpira. Jina alijipa mwenyewe, maana nyasi zake, alisema, zilistahili kuvuliwa viatu. Sasa zulia lilikuwa na kipara mbele ya goli. Nondo wadogo wa rangi ya unyasi mkavu walijibandika kwenye mabua, mbawa zimekunjwa, huwaoni mpaka uwakanyage. Watoto wao, viwavi, walizitafuna nyasi shinani kama walioalikwa.

Meneja wa uwanja akakiona kipara. "Mechi kesho. Nikikuta kipara hiki, tafuta uwanja mwingine."

Zulia akampigia shemeji yake, fundi ujenzi. "Shem, ninunulie dawa ya nondo."

"Zimekusumbua?"

"Zimenimaliza! Nondo hizi hazina adabu!"

Asubuhi shemeji akashuka kwenye baiskeli na ndoo mbili za rangi ya kuzuia kutu. Ya kijani.

"Shem! Nondo wanaoruka!"

"Chuma kiruke kiende wapi?"

"Wadudu, we zuzu!"

"Ungesema nondo hawa. Ulisema hizi. Mimi na mwenye duka tumefuata sarufi."

"Tangu lini mpiga zege akajua sarufi?"

"Tangu mkata nyasi alipoikosa."

Hata dawa ya kweli isingeotesha nyasi kabla ya jioni. Zulia akakitazama kipara, akazitazama ndoo. Kiburi ni kitu kibaya, lakini kina akili.

"Shika brashi."

Adhuhuri kipara kilikuwa kijani kuliko uwanja wenyewe. Meneja akapita kwa mbali, akaridhika. Zulia akavimba kama chura.

Mechi ikaanza. Golikipa wa wageni akaruka, akadaka, akainuka kijani ubavu mzima. Beki wake akateleza, naye akapakwa mpaka sikio. Tangu hapo wageni wakalikwepa eneo lao kama choo kibovu, wenyeji wakafunga mawili bila jasho. Kipindi cha pili timu zikabadilishana upande, goli lile likawa la wenyeji, lakini wao jezi zao zilikuwa kijani tangu zamani. Wakagaragara watakavyo.

Filimbi ya mwisho ilipolia, meneja akamvuta Zulia pembeni. Alitaka kukasirika, kicheko kikamshinda.

"Kazi bado unayo. Ila jezi za wageni utafua wewe."

"Bosi, rangi ya mafuta haitoki kwa sabuni."

"Basi nenda kawaambie."

Nyuma ya mlango wa chumba cha kubadilishia nguo cha wageni watu walikuwa wakitukana kwa zamu. Zulia akamgeukia shemeji. "Twende."

"Twende wapi? Mimi nimeleta dawa tu."

Zulia akainua kidevu, akabisha hodi.