Sensa ya Kasuku

Mtaalamu wa ndege alirudi ofisini kifua mbele. Miaka nenda miaka rudi idara ililia kwamba kasuku wa msituni wanakwisha, na sasa yeye, kwa spika moja tu, amewapata. Kazi yenyewe haina makuu: unacheza sauti ya kasuku iliyorekodiwa, unatega sikio, anayejibu unamhesabu. Kumwona si sharti, mwongozo wa idara umesema. Na walimjibu! Kila alipobonyeza, ng'ambo ya bonde waliitikia, naye akahesabu huku machozi yakimlengalenga.

Kabla ya kikao cha matokeo akakaa kunywa chai na shemeji yake, aliyeongoza kundi la sensa la ng'ambo ya bonde.

"Wa kwangu hawachoki, shemeji," yule akajigamba. "Nikicheza, wanajibu. Betri ndiyo iliyoniangusha, mvua ilipoanza tu."

Chai ikampalia Mtaalamu. Hata kasuku wake walinyamaza mvua ilipoanza. Wasomi wawili, wenye vyeti vya kujaza ukuta, walikuwa wameshinda msituni wakihesabiana wao kwa wao.

"Shemeji, hao kasuku ni sisi."

Shemeji akatazama mlango. "Basi funga mdomo. Ukisema, tumekwisha."

Kikaoni Mkurugenzi alikuwa anameremeta. "Hongereni! Kasuku wamejaa tele, hakuna tena sababu ya kuwabembeleza. Kampuni ya mbao ianze kukata wiki ijayo." Akashika kalamu asaini kibali.

Mtaalamu akapiga hesabu. Akinyamaza, cheo kinamsubiri. Lakini msitu ule aliupenda kwa dhati, pengine ndicho kitu pekee alichokipenda bila kutaka kusifiwa. Akasimama, shemeji akimvuta shati.

"Mkurugenzi, tumekosea. Tuliowahesabu hawapo. Spika zetu ndizo zilizokuwa zikijibizana."

Watu wakaangalia meza. Mkurugenzi akaiweka kalamu chini, na Mtaalamu akashusha pumzi. Aibu ameipata, ndiyo, lakini miti imepona.

"Kumbe hawapo?" Mkurugenzi akauliza taratibu.

"Kwa macho nimemwona mmoja tu."

"Yaani miaka yote hii mmetuzuia kukata miti kwa ajili ya ndege ambao hawapo?" Akaichukua kalamu, akasaini, akasukuma karatasi pembeni. "Huyo mmoja mwambieni ahame."