Mgeni wa Kupima Hewa

Mgeni akisema "msihangaike," ndipo hangaiko linapoanza. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Kwa hiyo mpimaji wa hewa alipompigia dobi simu na kumwambia, "Kiacheni chumba kilivyo, msifagie, msifungue madirisha," dobi alijibu, "Sawa, kaka," kisha akaenda kutafuta ndoo.

Mpimaji aliitwa kwa ajili ya kifua cha mama yake dobi. Tangu mvua zianze, mama alikuwa akikohoa mpaka anashika ukuta. Daktari alimsikiliza mgongoni, akasema mapafu yanachokozwa na kitu anachokivuta, huenda ni kuvu wa nyumbani. Wakipatikana, ahamie haraka kwa binti yake mdogo, kwenye nyumba kavu. Wasipopatikana, ugonjwa utafutiwe chanzo kingine.

Na kuvu walikuwepo, tena tele. Dobi hana pa kuanika wakati wa mvua. Kamba zilikatiza chumba cha mama toka dirishani hadi mlangoni, na mashuka ya watu yalichuruzika juu ya kitanda chake. Ukutani, usawa wa mto, palikuwa pameota madoa meusi yenye vinyoya, na chumba kizima kilinuka gunia bichi.

"Mtu wa afya aje akute uozo huu?" mama alisema, akihema. "Atasema nimezaa binti mchafu. Futa!"

"Mama, kasema tusifute."

"Na wewe ukienda kwa watu si unasema wasihangaike? Ukikuta kweli hawajahangaika, hununi?"

Dobi alicheka, hapo mama alimweza. Akashusha kamba, akausugua ukuta kwa dawa ya madoa, akafungua madirisha, upepo ukapita kutwa nzima. Pale palipogoma kutakata, wakasukumia kabati.

Mpimaji alikuja, mtu mpole wa makamo. Aliweka pampu ndogo katikati ya chumba, ikavuta hewa na kuipitisha kwenye kioo chenye gundi inayonasa vumbi la kuvu. Akafanya hivyo na nje, apate cha kulinganisha. Kisha akagusisha kipima unyevu ukutani, hapa na pale. Alipolifikia kabati, mama akamwahi.

"Hilo, mwanangu, ukilisogeza linaachana vipande. Njoo unywe chai kwanza."

Nani angebishana na mama wa watu? Akanywa chai.

Majibu yalisema hewa ya ndani haipishani na ya nje. Mama alifurahi kama aliyefaulu mtihani. Daktari aliyaamini, akambadilishia dawa, akamrudisha nyumbani. Mvua ikaendelea, na kamba na mashuka yakarudi mahali pake. Kila dobi aliposikia kifua cha mama kikipiga filimbi, alijituliza kwamba hewa imeshapimwa. Hilo ndilo linalotia uchungu: aliyeuosha ukuta kwa mikono yake mwenyewe ndiye aliyeyasadiki majibu.

Mama alifia humo chumbani, asubuhi, akiwa ameketi, maana kulala kulikuwa kumeshamshinda.

Majirani walikuja na mifagio, kwani msiba nao una wageni. Dobi akasimama mlangoni, akashika miimo kwa mikono miwili.

"Humu hafagii mtu."

"Jamani, shoga, watu watasema nini?"

"Waseme."

Walidhani amechanganyikiwa. Chumba kikakaa kimefungwa mpaka maziko yakapita, ndipo akampigia mpimaji.

Safari hii kabati walilisogeza pamoja. Halikuachana hata kipande. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi toka sakafuni hadi kiunoni, na kipima unyevu kililia mara tu kilipougusa. Mpimaji akavaa barakoa, akampa na dobi yake.

"Dada, mbona mara ile sikukuta kitu?"

Dobi aliishika barakoa bila kuivaa. Machozi yalimtoka.

"Mara ile ulikuwa mgeni," alisema.