Taa ya Njano ya Saa Sita Kasorobo

Babu yangu, mlinzi wa jengo letu la ofisi, ana wapenzi wawili. Wa kwanza ni bibi yangu, mpishi wa kantini ya ghorofa ya tatu. Wa pili ni sanduku jekundu la chuma lililofungwa ukutani nyuma ya meza yangu ya mapokezi, lenye taa, vitufe na kioo kidogo cha maandishi: paneli ya kengele za moto. Wa kwanza mimi humwita mke mwenza, naye huniita mchawi. Wa pili Babu humfuta vumbi kila asubuhi kwa kitambaa ambacho siruhusiwi hata kukikunjua.

"Kijani, yuko mzima," alinifundisha siku nilipoanza kazi. "Nyekundu, moto, watu wote nje. Njano, anaumwa mahali: waya, betri, au kigunduzi cha moshi kule darini. Hapo hapigi king'ora, analia kidogo tu, tii, tii, tii."

"Kama goti lako ukipanda ngazi, mume wangu."

"Acha mdomo, sikiliza. Njano ikiwaka unasoma ni kanda gani ya jengo, unabonyeza hapa anyamaze, unaandika saa kwenye daftari, halafu unapanda ukaone kwa macho. Ukimnyamazisha hujamtibu."

Sasa, kwa wiki sita mfululizo, kila siku ya kazi, ikifika saa sita kasorobo, njano iliwaka. Kioo kiliandika: HITILAFU, KANDA YA TATU. Kanda ya tatu ni ghorofa nzima: kantini, korido, chumba cha mafaili, na chumba wanacholala watoto wachanga wa wafanyakazi. Vigunduzi vya moshi kumi na kimoja kwenye waya mmoja, na paneli yetu haisemi ni kipi kinachoumwa. Babu huvaa kofia, hushika tochi, huniachia paneli, na kuanza safari. Ghorofa tatu kwa goti lile ni safari, si mchezo. Akifika nusu ya njia, huku chini taa inarudi kijani yenyewe. Yeye hukagua dari la korido nzima, humalizia kantini, hukuta kila kigunduzi kiko mahali pake, hunyweshwa chai, hushuka masharubu yakinuka vitunguu. Kisha huandika: "Imejirudi. Sababu haijulikani."

Mistari thelathini ya namna hiyo. Siku moja meneja akaisoma.

"Mzee," alisema, "ama paneli imechoka, ama wewe. Alhamisi anakuja fundi. Asipoona kitu, nitakuhamishia getini ukapumzike."

Getini! Babu amebakiza mwaka mmoja astaafu, na mwaka huo alitaka kuumalizia mbele ya sanduku lake. Hakumwambia Bibi. Nyumbani hasemi habari za paneli kabisa, maana Bibi huwa na wivu nayo. Mimi aliniapisha nisifungue kinywa. Nawe ujue, kuninyamazisha mimi si kazi ya kitufe kimoja.

Alhamisi fundi akaja saa nne. Akafungua paneli, akapima betri, akavutavuta nyaya. Zote nzima. Babu alisimama pembeni ameshika kofia kama mzazi mlangoni pa daktari. Meneja alitazama saa yake, akatazama geti, akatazama saa tena.

Saa sita kasorobo. Tii, tii, tii.

"Si niliwaambia!" Babu nusura acheze. Akashika tochi.

"Mzee, baki," fundi akasema. "Nataka nione unavyoihudumia."

Babu akanigeukia. Wiki sita hakuna aliyepanda ila yeye. "Haya, mchawi. Kimbia."

Nilipanda ngazi mbilimbili, dakika haikuisha nikawa juu. Korido, vigunduzi vyote vipo. Watoto wamelala. Nikasukuma mlango wa kantini.

Bibi alikuwa anashuka kwenye stuli. Kikaango cha vitunguu kinafuka moshi. Darini, juu kabisa ya jiko, kumebaki kitako kitupu, na kwenye mfuko wa aproni yake kinachungulia kigunduzi, cheupe, cha mviringo.

"Bibi!"

"Shika stuli, usinishtue nikaanguka ukabaki na mume peke yako."

"Hicho mfukoni ni nini?"

"Hiki kimbelembele cha juu? Nakizungusha kinatoka, nakaanga, nikimaliza nakirudisha. Tena nakifuta. Jengo zima hakuna kilicho safi kama hiki."

"Lakini kwa nini?"

Alinitazama kama nimeuliza kwa nini watu wanakula. "Umesahau wiki yangu ya kwanza hapa? Kitunguu kiliungua, kengele ikalia, watu wakamiminika chini, na babu yako akapanda mbio peke yake. Goti likavimba kama boga siku nne. Nani alilikanda? Nikasema, mimi sitampandisha tena mzee wa watu."

Nikakaa juu ya gunia la viazi.

"Bibi, ukikitoa hicho, kule chini taa ya njano inawaka. Ndiyo inayompandisha. Kila siku."

Mwiko ukasimama. "Kila siku?"

"Kila siku."

"Mimi nilidhani..." Akajifuta mikono kwenye aproni, na haikuwa na maji. "Nilidhani ananifuata mimi. Ndiyo maana nikawa namwekea chai."

Nikavunja kiapo changu, nikamwambia habari ya geti. Alizima jiko, akashuka na aproni yake, na mimi nyuma namkimbiza.

Paneli ilikuwa bado njano. Bibi akakiweka kigunduzi mezani, juu ya daftari la wageni.

"Ugonjwa wenu ni huu. Aliyekitoa ni mimi, siku zote ni mimi, moshi wa vitunguu usilize kengele ukampandisha mzee na goti lile. Mzee asiguswe."

Meneja akafungua mdomo, lakini Babu alimtangulia. Alizungumza polepole.

"Mama watoto, waya ni mmoja. Ukitoa hiki, vyote vilivyo mbele yake vinakuwa vipofu. Chumba cha watoto kiko mbele yake."

Bibi akaishika meza. "Sikujua."

"Najua hukujua."

Akavuta daftari, akaandika huku akisoma kwa sauti, ndivyo alivyo: "Saa sita kasorobo. Kanda ya tatu. Kigunduzi cha kantini kimetolewa na mpishi. Mpishi ni mke wangu. Sababu: goti langu."

Meneja aliusoma mstari ule mara mbili. Aliyeanza kucheka ni fundi.

"Mwenye makosa ni aliyeweka kigunduzi cha moshi juu ya jiko," alisema. "Hapo panataka cha joto. Hicho hakina habari na vitunguu. Ninacho kwenye gari."

Saa tisa kilikuwa kimefungwa na kupimwa. Meneja akatia sahihi chini ya mwandiko wa Babu. "Kesho, mzee," akasema, "hapahapa."

Ijumaa, saa sita kasorobo, paneli ikabaki kijani. Kimya. Babu akaifuta, na ilikuwa safi. Akaifuta tena. Baada ya dakika kumi simu ya mezani ikalia.

"Mchawi, huyo mzee wako amekufa?"

"Yupo, mke mwenza. Leo kijani tupu, hana sababu ya kupanda."

"Chai inapoa," akasema, akakata.

Nikaufikisha ujumbe. Babu akatazama paneli, akatazama ngazi, akatazama goti. Akavaa kofia. Tochi aliiacha.

"Baki na huyu. Akilia, niite."

Kabla hajaondoka aliandika kitu kwenye daftari, amekiziba kwa mkono kama mwanafunzi kwenye mtihani. Alipokata kona ya ngazi nikasoma, ningeachaje?

"Saa sita kasoro dakika tano. Hakuna hitilafu. Nimepanda."