Caiping wa Bwawani

Bi Meixiang alikuwa anachovya mayai kwenye rangi nyekundu, kwa karamu ya mjukuu wake kutimiza mwezi, wakati mkazamwana wake Xiuyun aliposema amepata jina.

"Caiping," alisema Xiuyun. "Limo kwenye nyimbo za kale kabisa. Msichana anayechuma majani ya majini awatolee mababu tambiko. Zuri, Mama, au sivyo?"

Yai lilimponyoka Bi Meixiang likapasuka.

"Mtoto wa kike hahitaji jina zuri. Anahitaji jina la kumvuta mdogo wa kiume."

"Nimembeba mimi, jina nachagua mimi."

"Ulimi huo! Kwenu hamna wakubwa?"

Katika ukoo wa Lai mtoto hapewi jina la marehemu wa ukoo. Ni kuwavunjia heshima waliotangulia. Kwa hiyo Mzee Deshou, shemeji yake Bi Meixiang, alisimama mbele ya vibao vilivyoandikwa majina ya mababu akauliza kwa sauti kama kuna yeyote wao aliyewahi kuitwa Caiping. Vibao vilikuwa vya wanaume na wake zao tu. Jibu alikuwa nalo Bi Meixiang, lakini kulitoa kungemlazimu aeleze, naye aliogopa midomo ya majirani kuliko kitu chochote duniani. Woga huo watu wa Lai huuita heshima. Akamenya yai, na jina likapita.

Mzee Deshou alipolitangaza mbele ya wageni, mlango wa nyuma ulifunguka akaingia msichana wa kimo cha mtoto wa shule, anachuruzika maji, amekumbatia majani ya majini. Alitoka kwenye bwawa la samaki la nyumba hiyo. Wafu nao hukua, ila polepole. Kiumri alikuwa mkubwa kwa Guoliang, mume wa Xiuyun, ingawa hakumfika kifuani.

"Abee," alisema. "Nimeitwa."

Wageni walisogeza viti wasilowe.

"Nani kakuita?" alifoka Bi Meixiang. "Rudi ulikotoka!"

"Jina ulinipa wewe, Mama. Uliniimbia wimbo wake njia nzima, ukinipeleka bwawani."

Guoliang aliweka vijiti vya kulia mezani. "Mama, kumbe nilikuwa na dada?"

"Ungekuwa na dada, wewe usingekuwepo. Enzi zile nyumba ilikuwa na ruhusa ya mtoto mmoja. Kula samaki, anapoa."

Guoliang akala.

Msichana alisogea kuyaweka majani mbele ya vibao. Mzee Deshou alimzuia kwa fimbo.

"Mtengenezeeni kibao," alisema Xiuyun kwa hasira. "Akae na wenzake. Ni damu yenu!"

"Binti asiyeolewa hana kibao kwa baba yake," alisema Mzee Deshou. "Desturi sikuitunga mimi. Na jina limeshatumika, mtoto atafutiwe jingine."

"Laidi," alidakia Bi Meixiang. Maana yake, njoo mdogo wa kiume.

Xiuyun alimgeukia mumewe. "Sema kitu, Baba Caiping!"

Guoliang alitoa mwiba mdomoni. "Laidi si baya," alisema.

Wageni wakapiga makofi, wakamenya mayai. Lisemwalo lipo, lisilosemwa nalo lilikuwepo, limesimama mlangoni linadondosha maji.

Msichana hakurudi bwawani. Kila wakati wa chakula hukaa kizingiti cha nyuma, majani mapajani, na kwa kuwa hakuna anayeyapokea, huliwa na bata. Bi Meixiang humtandikia tambara, sakafu isilowe. Majirani wakipita humsalimu, kisha huuliza bei ya samaki.

Mtoto sasa anatambaa. Ukimwita Laidi hainui kichwa. Adhuhuri moja, Bi Meixiang akiwa bandani kwa nguruwe, Xiuyun aliacha kukata mboga akaita taratibu, "Caiping." Waligeuka wote wawili, wa mkekani na wa kizingitini, wakatazamana.

Bi Meixiang aliingia na ndoo yake tupu. Alikuwa amesikia, maana macho yake yalikwenda moja kwa moja kizingitini.

"Funga mlango huo," alisema. "Nyumba inaingia maji."

Xiuyun aliufunga. Mtoto aliendelea kuutazama.