Ndege wa Asali

Mzee Shilinde, mrina asali wa Bukene, alipanda treni hadi Dar es Salaam kudungwa dawa ya mionzi iliyokuwa ikijaribiwa kwa wagonjwa ambao saratani ya tezi dume imekwisha kuwaenea mwilini. Baada ya sindano, daktari alimwonyesha picha ya mwili wake: mgongo, nyonga, mbavu, kote kumewaka.

"Mmeuona," alisema mzee, akifungua vifungo vya shati. "Haya, uueni huu ugonjwa."

"Babu, dawa hii huonyesha tu. Haitibu. Lakini umetusaidia sana."

Miaka arobaini Shilinde alimfuata porini ndege anayeonyesha asali ilipo, na kila mara alimwachia sega lake. Ila shoka la kupasulia mti alilibeba mwenyewe.

Alivifunga vifungo kimoja kimoja.

"Sega lenu mmelipata, daktari," alisema. "Mimi shoka nitalitoa wapi?"