Fungu la Tano la Unga

Mwaka wa 1950, ule uliotangazwa Mwaka Mtakatifu, Padri alisimama baada ya misa akasema misheni yetu imepata nafasi moja ya kwenda kuhiji Roma, na atakayekwenda ni Gregori, mwalimu wetu wa dini. Watu walipiga makofi kanisani, jambo ambalo hatukulizoea. Mimi sikupiga. Gregori ni shemeji yangu na simwonei kijicho, lakini nilikuwa nimemsubiri kwa miaka minane mume aliyevuka bahari, na leo anayevuka ni mdogo wake, tena kwenda kutazama makanisa.

Mume wangu ni Lukas. Jeshi la Waingereza lilimchukua mwaka 1941 awe paionia, kuchimba mitaro na kupakua masanduku. Barua yake ya mwisho ilitoka Misri mwaka uliofuata. Kisha ikaja karatasi kutoka kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, kule Kilwa, ikisema Lukas ametekwa na Wataliani na sasa hajulikani alipo. Kwa karatasi hiyo nikawa si mke wala si mjane. Andrea, mwashi wa misheni, mtu mpole asiye na papara, alinichumbia mara mbili, na mara zote mbili Padri alimjibu kwamba hawezi kufungisha ndoa na mke wa mtu mpaka aione karatasi ya kifo.

Na nyumbani hatukuwahi kumlilia. Kwetu kilio huanguliwa na mke au mama wa marehemu, na kabla hakijaanguliwa hakuna anayeruhusiwa kusema fulani amekufa. Hatukuwa na maiti wala kaburi, basi mama mkwe wangu, Mama Romana, alinitazama, nami nikamtazama, tukanyamaza miaka minane.

Jioni ile ya tangazo Gregori alikuja kwetu na ramani aliyoazimwa na Padri, akaitandaza mkekani.

"Shemeji, nina siku tisa za kukaa nchi kavu," alisema. "Meli inashusha Napoli. Padri anataka nimwandikie miji nitakayopita, si zaidi ya minne, apeleke barua mapema. Na popote nitakapoona ofisi ya askari nitamuuliza Lukas. Nakuahidi."

Nilimwambia ahadi nimeshashiba, alete karatasi. Hakukasirika. Gregori hakasirikii mtu, na hilo lilikuwa likinikera zaidi.

Habari ikaenea, na kila mtu akawa na mji wake. Italia tuliijua kwa watakatifu, kama mtu anavyowajua ndugu wa mbali kwa majina ya watoto wao. Waliobatizwa Fransisko walitaka aende Asizi, wenye akina Katarina wakadai Siena, na jirani yetu Brigita akauliza kama kijiji cha Njinjo na Asizi viko mbali sawasawa. Mama Romana alitaka Padua tu. Mtakatifu Antoni wa Padua ndiye anayetafuta vilivyopotea, na yeye alikuwa amemwomba amrudishe Lukas kwa miaka minane bila kuruka siku.

"Anisikie karibu," alisema. "Pengine kutoka huku sauti haifiki."

Gregori akampangia ramani kwa punje za mahindi ili aelewe. Padri alikuwa ametufundisha kwamba Italia ina umbo la buti. Mama Romana alitazama akasema yeye anaona paja la mbuzi. Punje moja Napoli, moja Roma, moja Asizi katikati, moja Padua juu kabisa. Akazitazama kwa muda mrefu mpaka akazishika kichwani, kisha akasema neno ambalo sote tulikuwa tukilingoja.

"Na wazee wataagwa lini?"

Gregori alikohoa. Kila mtu vilimani kwetu, awe wa msikiti au wa kanisa, haondoki safari ndefu bila unga kumwagwa chini ya msolo, mti wa wazee waliotangulia. Unamwaga fungu la unga wa mtama, unataja anayesafiri na anakokwenda, unalifunika kwa kifuu. Asubuhi unafunua. Likiwa limesimama vilevile, njia imefunguliwa. Likiwa limebomoka, unafungua mzigo wako unabaki. Lakini mwalimu wa dini hawezi kuonekana hapo.

"Mimi sijasikia kitu," alisema Gregori, akakunja ramani.

Basi tulikwenda wawili, mimi na Mama Romana, jua likiwa bado liko juu. Msolo wetu uko kwenye mahame ya babu yao Lukas na Gregori, mwendo wa nusu saa, ambako hakuna anayeishi tena. Alipiga magoti akamwaga mafungu manne, moja kwa kila mji, si kwa mstari bali vilevile punje zilivyokaa mkekani. Mikono yake ilikuwa imetulia. Akasema:

"Wazee wetu, tumekuja kuaga. Mjukuu wenu Lukas anasafiri. Mfungulieni njia, mumshike mkono, mumfikishe nyumbani salama."

Akafunika mafungu yake kwa vifuu vinne akasimama, akijipangusa magoti. Hakujua alichokisema. Jina lile lilikuwa limekaa mdomoni mwake kila asubuhi na kila jioni kwa miaka minane, likatoka lenyewe. Mimi nililisikia vizuri. Neno likishasemwa juu ya unga halisahihishwi. Ukilirudia, wazee wanakuona mchezaji. Lakini sitasingizia desturi. Nilinyamaza kwa sababu nilipenda kusikia akisema Lukas anasafiri.

Asubuhi tulirudi. Mahame yote yalikuwa na umande, sketi yangu ililowa mpaka magotini. Tukafunua vifuu: Napoli imesimama, Roma imesimama, Asizi imesimama, Padua imesimama. Mama Romana akamshukuru Mungu na Mtakatifu Antoni. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida tu:

"Hili uliliweka wewe?"

Upande wa kulia wa Napoli, juu kidogo, kulikuwa na fungu la tano. Halikuwa na kifuu. Majani yaliyolizunguka yalikuwa yanadondosha maji, na lenyewe lilikuwa kavu, limechongoka, zuri kuliko yote manne. Kuizunguka mizizi ya msolo hapakuwa na alama ya mguu isipokuwa yetu. Nilisema hapana. Aliokota vifuu vyake vinne, tukaondoka bila kugeuka.

Gregori, ambaye hakusikia kitu, alitaka kujua kila kitu. Nilimwonyesha kwa punje. Akatandaza ramani, akapima kwa kidole, kidole kikasimama kwenye mji wa pwani.

"Bari," alisoma. "Hatuna mtu Bari." Akafikiri. "Yuko Mtakatifu Nikola. Ndiko alikozikwa."

Hakucheka, na mimi sikupenda kwamba hakucheka. Kesho yake alimwandikia Padri: Napoli, Roma, Asizi, Bari. Padua akaikata. Padri alishangaa, maana Bari iko kando ya njia, lakini mwenye safari alipong'ang'ania aliridhia. Mama Romana alinuna wiki nzima kwa ajili ya Antoni wake.

Majuma matatu yakapita katika kushona kanzu nyeupe na kutafuta viatu. Nilikuwa nikipita mahame nikienda kuokota kuni. Yale mafungu manne mchwa walikuwa wameyamaliza siku ya pili, kama inavyopasa. La tano halikuguswa. Siafu walipita kando yake kwa mstari uliopinda.

Jumatatu ya juma la mwisho halikuwapo. Nilishusha pumzi. Nikateremka kijitoni kuchota maji, na pale kwenye jiwe la kukanyagia, upande wetu wa maji, nikalikuta. Dogo, kavu, limechongoka. Jumatano lilikuwa chini ya mkorosho ulio mpakani mwa shamba letu. Alhamisi lilikuwa uwanjani tunapopuria mtama. Sikuona hata mara moja likisogea wala mtu akiliweka. Nilichoona ni kwamba kila siku lilikuwa karibu zaidi na mlango wangu.

Alhamisi hiyo nilimwita Gregori kando, nikamwambia jina lililotajwa juu ya unga, na mahali fungu la tano lilipofika. Niliogopa atanigombeza. Alikaa chini kwenye kinu kilicholazwa, akashika kichwa.

"Basi aliyepewa ruhusa si mimi," alisema.

"Wewe ni mwalimu wa dini. Huamini mambo haya."

"Ndiyo, shemeji. Siyaamini. Na sitakwenda Jumamosi."

Nikapandwa na hasira, nikamwambia asipokwenda hakuna karatasi, na bila karatasi nitakufa nikiwa mke wa mtu asiyejulikana alipo. Akasema hawezi kusafiri kwa njia iliyofunguliwa kwa ajili ya mtu mwingine, ambaye tayari anaitumia. Mama Romana alikuwa amesimama nyuma yetu. Alikuwa amesikia yote. Uso wake ulifunguka, nikaona jinsi alivyokuwa mzuri alipokuwa msichana.

"Anakuja," alisema. "Mwanangu yuko njiani."

Ijumaa alifagia ua mara mbili. Alipika wali wa nazi. Alitoa kigoda cha Lukas darini, akakipangusa, akakiweka sebuleni kikitazama mlango. Nilimwambia, "Mama, mtu aliye hai akitembea huacha nyayo." Aliniambia niteke maji ya kunawa miguu. Niliyateka. Mungu anajua, nilikuwa nimeanza kumtamani. Nilikumbuka alivyokuwa akiinama kupita mlangoni kwa sababu ya urefu wake, na alivyokuwa akikohoa kidogo kabla ya kupiga hodi, hata kwake mwenyewe.

Jumamosi asubuhi, kumeshapambazuka na kuku wako nje, nilifungua mlango. Fungu lilikuwa kizingitini.

Mama Romana akaja akasimama begani kwangu. Gregori alikuwa uani, mzigo wake umefungwa lakini ameuketia. Kuku walikuwa wamekusanyika mbali, upande wa jiko, na hawakudonoa. Kisha nikasikia kikohozi. Kidogo, cha mtu mstaarabu anayengoja kukaribishwa.

Kwetu mgeni haingii mpaka aambiwe karibu; na aliyekwisha kuambiwa karibu hafukuzwi. Nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba kilichokuwa mlangoni kinangoja neno hilo moja, na kwamba likishatamkwa kitaingia kikae kwenye kigoda kile, na nitakipikia, na nitakilaza, miaka yangu yote iliyobaki. Nilimwona Mama Romana akivuta pumzi. Midomo yake ikafunguka.

Nikaangua kilio.

Nililia kwa sauti niliyokuwa nimeifungia kifuani miaka minane. Nililia jina lake na jina la baba yake. Nikasema, "Lukas, umekufa, mume wangu, umekufa ugenini, umeniacha." Mama Romana alinipiga kibao mdomoni, nami nikaendelea. Majirani walikuwa wameshaanza kukimbia kuja, wanawake wakijifunga kanga viunoni, Brigita mbele yao akiitikia kilio kabla hajajua ni cha nani. Nilikuwa nikitazama kizingiti. Hapakuwa na upepo. Fungu lilitikisika juu, kwenye ncha yake, likabomoka polepole mpaka likawa unga tu uliomwagika.

Ndipo Mama Romana akakaa chini, akalia naye.

Tanga lilikaa siku tatu. Gregori alisema njia sasa iko wazi, akaondoka siku ya kwanza, kwa lori hadi Kilwa na kutoka pale kwa meli, huku vilio viko nyuma yake. Alirudi mwezi wa kumi. Alituambia Roma ni kubwa mno kuisimulia, na Asizi iko mlimani, ina mawe na punda, angeweza kulala pale kama kwao. Bari aliuliza mara moja tu. Mzee mmoja Mtaliani alimpeleka kwenye makaburi ya askari, akamwonyesha jiwe lenye jina la Lukas. Alikuwa amekufa kwa homa, hospitali ya mateka, mwaka 1943. Karatasi aliyopewa huko ilikuwa na muhuri. Padri aliisoma mara mbili, akasema nimekuwa mjane miaka saba bila kujua.

"Nilikuwa nimejiandaa kumwambia Lukas habari za nyumbani," Gregori aliniambia baadaye, tukiwa wawili. "Nilipopiga magoti pale nikaona hana haja. Palikuwa kimya tu, shemeji. Pametulia."

Niliolewa na Andrea baada ya Pasaka. Ni mume mwema. Mama Romana alikuja harusini, akala, akacheza kidogo. Hakuwahi kunisema mbele ya watu. Mara moja tu, tukichambua choroko, alisema bila kuinua macho:

"Alikuwa amefika mlangoni, Stefania. Ungemwacha hata anywe maji."

Niliendelea kuchambua. Lukas alikuwa ametembea kutoka Bari kuja kwake, kwa ruhusa ya wazee, akiamini yu hai. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Nilimwambia mimi, mkewe, akiwa amesimama nje.