Shuka za Biskuti

Kuna watu ukiwatajia biskuti wanawaza pakiti ya dukani na kikombe cha chai. Hao tusibishane nao, wakae na pakiti yao. Biskuti za habari hii zilitengenezwa juu ya meza ya kulia chakula, kwenye nyumba ya vyumba viwili, na mwanamke ambaye siku za kazi alikuwa karani wa stoo ya vifaa vya ujenzi, akihesabu misumari na mabomba. Siku za mapumziko alikuwa mtu mwingine kabisa. Wala hakuziuza. Ukimuuliza bei anakucheka mpaka unaona aibu. Alimpa jirani aliyejifungua, mfanyakazi mwenzake aliyehama, mtoto wa watu aliyefaulu mtihani, na kila mmoja alipata biskuti zilizochorwa jambo lake mwenyewe, si la mwingine.

Shabiki wake wa kwanza alikuwa mumewe, fundi wa friji, ambaye mtaa mzima ulimwita Baridi. Baridi alikuwa akivuta kiti karibu na meza, mikono kaificha mapajani asije akagusa kitu, anatazama.

"Usinipumulie juu ya biskuti," mkewe anamwambia bila kuinua macho.

"Sasa nipumulie wapi, Bosi?"

"Dirishani. Ndiyo kazi ya dirisha."

Basi anageuza shingo, anapumua, anarudi kutazama. Na kulikuwa na cha kutazama, jamani! Mwanamke yule alikanda unga na siagi mpaka ukaacha kushika vidole, akausukuma bapa, akaukata kwa vibati ambavyo Baridi mwenyewe alimkunjia. Zikishaiva na kupoa ndipo shughuli ilipoanza. Alipiga sukari ya unga na ute wa yai, nusu akaiacha nzito, nusu akailegeza kwa maji, tone kwa tone. Ile nzito aliitia kwenye mfuko wa nailoni uliokatwa ncha kidogo sana, akaikamua kuchora mpaka kuzunguka biskuti. Ile nyepesi akaimwaga ndani ya mpaka na kuisukuma kwa kijiti cha meno ifike kila kona, huku akitoboa povu moja moja lisije likakauka na kuacha shimo. Rangi alizichanganya hafifu makusudi, maana zikikauka hukolea. Baridi alikuwa amefungua kompresa nyingi maishani, lakini kila alipoona mstari ule ukitoka kwenye mfuko bila kutetereka alijisemea moyoni kwamba fundi wa nyumba hii si yeye.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakutazama. Dada Mkubwa.

Dada Mkubwa, ndugu wa mkewe Baridi, alikuwa mkunga. Mama yao alipofariki, mdogo mtu akiwa bado hajajua kufunga kamba za viatu, dada ndiye aliyemchukua, akamwogesha, akamsomesha, akamwoza. Alimlea vizuri, kwa mkono usiotetemeka, na sifa hakumpa hata moja. Kwake yeye kumsifu mtoto ni kumharibu. Alipopita nyumbani na kuikuta meza imejaa mifuko ya rangi, alisema neno lile lile: "Bado unachezea unga?" Mdogo wake alicheka, akamkaribisha, akampa kiti. Lakini dada akishaondoka, vyombo vilioshwa siku hiyo kwa kishindo, na Baridi alijua asiingie jikoni.

Sasa siku moja simu ikalia. Dada Mkubwa alikuwa anastaafu, wenzake wa wodi ya wazazi wanamuaga Jumapili mchana. "Niletee vile vibiskuti vyako," alisema. "Vya kututosha wote." Akakata, kama kawaida yake, bila kwaheri.

Mkewe Baridi alibaki kasimama katikati ya chumba, simu mkononi. "Ameomba mwenyewe," akasema. "Umesikia? Ameomba mwenyewe!"

Baridi alisikia, na alielewa zaidi ya alichosikia. Mkewe hakutaka zawadi wala hotuba. Alitaka dada yake aishike biskuti moja, aitazame vizuri, walau mara moja kabla hajaitia mdomoni.

Wiki nzima ilikuwa ya kuchora na kufuta. Mwisho akaamua: shuka. Zile shuka ndogo nyeupe za wodini anazopokelewa nazo mtoto, zimekunjwa vizuri, ukingoni mstari wa bluu, na katikati nyayo mbili za waridi za mtoto mchanga. Jumamosi alasiri zikawa tayari, trei kwa trei, nyeupe pe. Baridi aliizunguka meza mara mbili, mikono kaifunga mgongoni asije akagusa kitu.

"Ziache hivyo hivyo wazi zikauke mpaka kesho," mkewe akasema huku akijishika kiuno. "Mimi nakwenda kuoga, halafu nijinyooshe. Mgongo umekwisha."

Baridi akabaki mlinzi. Joto la siku ile lilikuwa la kukera. Akaona sisimizi mmoja anapanda mguu wa meza, akamsagia mbali. Akamwona wa pili. Hapo akili ya fundi ikaanza kufanya kazi, na akili ya fundi wa friji ina mlango mmoja tu. Pembeni ya sebule lilisimama friji lake, alilolizalisha kutokana na mafriji matatu yaliyokufa, linagandisha vizuri kuliko mapya ya dukani. Kitu kisiharibike kiwekwe wapi? Akatoa maji, akatoa mboga, akapanga trei zote humo ndani kwa uangalifu wa mtu anayebeba mayai. Akalala usingizi mzito wa mtu aliyetenda wema.

Jumapili asubuhi mkewe alikuta meza tupu.

"Biskuti ziko wapi?"

"Zimetulia zilipo, Bosi. Ziko kwenye friji."

"Ziko *wapi*?"

Baridi akafungua mlango wa friji kwa madaha, akazitoa trei moja moja, akazipanga mezani. Zilikuwa vile vile, nyeupe, safi. "Unaona? Sisimizi hajui hata njia!"

Mkewe aliinamia trei. Alikuwa anazitazama. Zikaanza kung'aa kidogo, kisha vikatokea vitone vidogo, kimoja, kingine, mpaka kila shuka ikawa imeloa jasho. Ndipo bluu ya ukingoni ikaanza kutembea. Ikaingia kwenye nyeupe, ikatambaa mpaka kwenye nyayo, na nyayo nazo zikafumuka, waridi ikasambaa kila upande.

Baridi kijasho chembamba kilimtoka na yeye. Si kwamba hakujua. Hicho ndicho kilichomuuma! Yeye ndiye anayewaeleza wateja kila siku kwa nini chupa ikitoka kwenye friji hulowa nje. Mvuke ulioko hewani, mama, ukikutana na baridi unageuka maji. Hata mtoto anaelewa. Somo lote hilo analo kichwani, na bado amemtilia mke wake mchanga kwenye kitumbua kwa mikono yake miwili.

"Nitakwenda kununua," akaanza. "Nitazunguka maduka yote. Au nitakwenda kwa shemeji mwenyewe, nimpigie magoti, nimwambie mimi ndiye punguani. Bosi, sema kitu. Nitukane basi."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, naye alikuwa anausubiri huo mshindo. Wahenga walisema kosa moja haliachi mke. Kuhusu mume hawakusema kitu, na Baridi aliliona pengo hilo waziwazi asubuhi ile.

"Leta feni," mkewe akasema mwishowe. "Iweke mbali. Isizipulizie usoni."

Feni ikaletwa. Jasho likakauka, madoa yakabaki. Mkewe akavuta kiti, akachukua biskuti moja, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga. Akachukua ya pili. Uso wake ukaanza kubadilika.

"Nilipokuwa mdogo," akasema polepole, "dada hakuwa na mtu wa kuniachia. Akiwa zamu ananipeleka hukohuko kazini, ananikalisha kwenye chumba cha kufulia, kinatazamana na wodi, mpaka amalize. Nimekaa na shuka zile miaka, Baridi. Shuka ikiingia chumba kile haijakunjwa, na haina weupe wowote. Mimi hapa nimechora shuka za kabatini." Akaiweka biskuti chini. "Nipe sukari ya unga. Na yai moja. Na usiongee na mimi."

Akapiga sukari nzito tupu, maana kujaza upya kungehitaji siku nyingine ya kukausha, lakini mstari mwembamba hukauka upesi. Akaigusisha kijivu kidogo, akakata ncha ya mfuko nyembamba kama uzi. Kisha akaanza. Pale bluu ilipotambaa alipitisha kunyanzi, na doa likageuka kivuli cha kitambaa kilichokunjamana. Pale waridi ilipofumuka alipindua pembe ya shuka, na chini ya pembe kikachomoza kisigino, kisha vidole vitano vidogo, kila kimoja tone lake. Hakuchora biskuti mbili sawa, maana hazikuharibika sawa. Alikuwa anaisoma kila moja imekwenda wapi, kisha anaifuata. Hii mguu mmoja nje. Ile ngumi imekunjwa. Nyingine hakuna kitu ila shuka imerundikwa, mtoto keshachukuliwa na mama yake.

Baridi alisimama dirishani, anapumulia nje, machozi yanamlenga. Alimwoa mwanamke huyu, amekula naye, amelala naye, na bado alikuwa hajui ana uwezo kiasi hiki. Alimstaajabia mpaka akasahau kujilaumu.

Mchana wakafika wodini. Sherehe ilikuwa kwenye chumba cha wauguzi: meza mbili zimeunganishwa na kutandikwa kitambaa cha plastiki, soda, viti visivyofanana, na mlango umeachwa wazi ili wasikie kengele. Dada Mkubwa alikuwa bado kavaa sare, eti huwezi kujua. Akampokea mdogo wake boksi bila salamu ndefu, akaliweka mezani, akafungua kifuniko. Wauguzi wakasogea.

"He," nesi mmoja akanong'ona, na mnong'ono wake ukasikika chumba kizima. "Mbona zina madoa?"

Mkewe Baridi akamshika mumewe mkono, akaubana. Baridi akakohoa. "Shemeji, mwenye kosa ni mimi, niliziweka kwenye—"

"Shemeji, nyamaza."

Dada Mkubwa alikuwa ameokota moja. Akavaa miwani. Akaenda nayo mpaka dirishani, akaiinua kwenye mwanga, akaitazama. Aliitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba mtu mmoja alianza kumimina soda kisha akaacha.

"Madoa," akasema bila kugeuka. "Wewe umefanya kazi hapa na mimi miaka yote hiyo, ulishaona shuka imetoka leba haina doa?" Akasogeza miwani. "Na huyu anapiga teke. Angalieni. Anapiga teke, hataki kufunikwa." Akacheka peke yake, kicheko kifupi, halafu sauti ikapungua. "Haya uliyaona wapi wewe?"

"Chumba cha kufulia, dada. Nikikusubiri."

Dada Mkubwa akageuka. "Mimi nilidhani ulikuwa unalala mle," akasema. "Nilikuwa najiambia, amelala, hajui kitu. Kila zamu najiambia hivyo, na roho inaniuma."

"Sikuwa nalala. Nilikuwa natazama. Ilikuwa inanipendeza."

Dada Mkubwa akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la sare, akaivaa tena. Akarudi mezani, akasimama mbele ya wenzake kama anayetaka kutoa maagizo ya zamu.

"Huyu ni mdogo wangu," akasema. "Nimemlea mimi, nyote mnajua, nimewachosha masikio kwa habari hiyo. Kuoga nilimfundisha mimi, kufunga kamba za viatu nilimfundisha mimi. Lakini mikono hii sikumpa. Hii kajipa mwenyewe, na mimi nilikuwepo na sikuona." Akamgeukia. "Mdogo wangu, ni kazi nzuri. Ni kazi nzuri mno."

Mkewe Baridi alilia pale pale mbele ya watu, kwa sauti, na wala hakuna aliyemnyamazisha, maana chumba kile kilikuwa kimezoea vilio.

Nesi yule wa madoa, kwa haya yake, akanyoosha mkono kwenye boksi. Dada Mkubwa akamwahi, akakishika kifundo cha mkono wake.

"Tazama kwanza," akamwambia. "Ishike kwenye mwanga. Tazama vizuri, ndipo ule."

Na akalizungusha boksi mwenyewe, mtu kwa mtu, akisimama mbele ya kila mmoja mpaka atazame.